Samaki Kageuka Tumbo Juu: Kujua Kama Amekufa, Anaumwa au Amelala Tu

Ukikuta samaki wako amelala ubavu chini ya tangi, au anaelea tumbo juu, usikimbilie ndoo ya taka. Kugeuka tumbo juu maana yake ameshindwa kujisimamisha majini, basi. Huenda amevimbiwa, amepigwa na baridi, amekosa hewa au amevuta sumu, na baadhi ya hayo huisha ndani ya siku mbili. Samaki mfu, kinyume na wengi wanavyodhani, mara nyingi huzama kwanza na kulala juu ya kokoto. Huelea baadaye, tumbo linapojaa gesi ya kuoza. Ndiyo maana anayeelea anaweza kuwa hai, na aliyezama akawa amekufa tangu usiku.

Pa kutazama ni shavuni, yaani kile kifuniko kigumu nyuma ya jicho ambacho muuza samaki sokoni hukifunua kwa kidole ili mteja aone wekundu wa ndani. Wekundu ule ni matamvua, na kwa samaki ndiyo mapafu. Shavu likicheza, samaki yu hai, hata kama kiwiliwili chote kimelegea kama kitambaa.

Dakika mbili bila kumgusa

Kwanza zima pampu ya hewa na chujio. Mkondo wa maji hupepesa mapezi ya mzoga, na pengine huufungua na kuufunga mdomo wake, mtu akaapa kwamba samaki anahema. Zima kwa dakika mbili au tatu tu, na usisahau kuwasha tena. Usigonge kioo. Samaki aliyechoka hutumia nguvu yake ya mwisho kukurupuka, na wewe hujajua lolote la maana.

Mulika tochi kwa pembeni, si usoni. Weka jicho lako usawa na samaki, kisha tazama sehemu mbili: ukingo wa nyuma wa shavu, na ngozi laini chini ya kidevu. Samaki anayehema hufungua mdomo kidogo, anaufunga, halafu shavu linapanuka. Hesabu kwa saa, usikadirie. Dakika mbili kamili zina sababu yake: samaki aliyezidiwa anaweza kuhema mara moja kila sekunde kumi na tano au ishirini, na mtu mwenye haraka akatazama kwa sekunde kumi akasema amekwisha.

Kwa samaki mdogo kama tetra au gapi, macho hayatoshi. Tegemeza simu kwenye kioo, vuta picha karibu, rekodi video ya dakika mbili, kisha uitazame kwa kasi maradufu. Shavu lililokuwa likicheza polepole mno litaonekana wazi.

Usipoona kitu, mguse. Tumia mrija wa plastiki au mpini wa kijiko, uguse shina la mkia, pale mwili unapokuwa mwembamba. Usimsukume tumbo. Samaki hai, hata aliye taabani, mara nyingi hutikisa pezi au hupindisha mkia kidogo. Asipojibu, usiandike cheti cha kifo bado, maana baridi na sumu pia huzima mwitikio huo.

Hatua inayofuata ni ya jicho, na wachache wanaijua. Lowesha mikono kwa maji ya tangi, mchote samaki pamoja na maji yake ndani ya bakuli angavu au kiganja kilichokunjwa, kisha mlaze taratibu kushoto na kulia kama unavyoyumbisha kikombe. Jicho la samaki hai hujizungusha ndani ya tundu lake ili libaki sawa na upeo, hata kichwa kikiinama. Jicho la mfu hufuata kichwa kama kifungo kilichoshonwa kwenye shati. Samaki aliyezimia kabisa naye hupoteza uwezo huu, kwa hiyo jicho linalozunguka ni uthibitisho wa uhai, lakini jicho lisilozunguka peke yake si uthibitisho wa kifo.

Usidanganywe na weupe wa jicho pia. Jicho la mfu huingia ukungu na kubonyea ndani baada ya saa kadhaa, sawa. Lakini samaki hai aliyekaa kwenye maji machafu, au aliyeumia kwa kugonga jiwe, naye hupata jicho jeupe na akaendelea kula vizuri tu.

Mwisho mwili wenyewe. Mzoga wa samaki hukakamaa, na kwenye maji ya joto ukakamavu huja mapema, kisha baada ya muda nyama hulegea na kuanza kuvunda. Rangi hupauka, magamba hubanduka kwa urahisi, tumbo huwa laini kama embe lililooza. Funua shavu kwa kucha: wekundu mbichi na unyevu una maana kwamba yu hai au amekufa sasa hivi. Kijivu, weupe na ute wenye harufu, huyo kafa zamani. Ni ujuzi uleule wa kuchagua changu au kibua pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ila hapa unautumia kwa kusudi jingine.

Tunaamua hivi: akiwa amekakamaa, au matamvua yamegeuka kijivu, au macho yote mawili yamebonyea na kuwa meupe, au ananuka, amekufa. Akiwa hahemi na hajibu lakini mwili bado ni mlaini kama kawaida na shavu jekundu, mhesabu kuwa hai kwa nusu saa zaidi na ujaribu kumwamsha. Moyo wa samaki unaweza kuendelea kupiga kwa muda baada ya shavu kusimama.

Wanaolala kama maiti

Samaki wengi wa kufugwa hawana kope, kwa hiyo hulala macho wazi. Usiku tetra hupauka mpaka mstari wake wa rangi unafifia, na ukiwasha taa ghafla utadhani ana ugonjwa. Mpe robo saa, rangi itarudi. Beta hupenda kujilaza juu ya jani au kuegemea chujio. Kambale wa kunyonya kioo anaweza kukaa mahali pamoja kutwa nzima. Lochi hulala ubavu kati ya mawe, na wageni wa samaki hawa huwatoa tangini wiki ya kwanza, wakidhani wamekufa.

Wapo wenye maumbile ya ajabu zaidi. Synodontis nigriventris, kambale mdogo wa bonde la mto Kongo, huogelea chali sehemu kubwa ya maisha yake. Tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo kwa sababu hiyohiyo. Na katika Ziwa Nyasa yupo Nimbochromis livingstonii, ambaye wavuvi wa upande wa Malawi humwita kaligono, maana yake mlalaji. Ana mabaka kama ya nyama iliyooza, na hujilaza ubavu mchangani mpaka samaki wadogo waje kudonoa, ndipo huwadaka. Ukimfuga huyo, kipimo cha kulala ubavu kitupe mbali.

Baridi nayo hudanganya. Beta, gapi na tetra ni samaki wa maji ya joto. Beta anataka nyuzi 24 hadi 28. Mwezi wa Juni na Julai kule Njombe, Mbeya au Limuru, tangi lisilo na hita hushuka chini ya 20 kirahisi, na beta hulala chini, haamki kula, shavu likicheza kwa mbali. Hapo kipimajoto ndiyo dawa ya kwanza. Pandisha joto digrii 1 au 2 kwa saa, si zaidi. Kumwagia maji ya moto ili apate nafuu haraka ni kumuua kwa huruma. Samaki wa dhahabu, kwa upande wake, huvumilia maji ya baridi na hupunguza tu mwendo na ulaji.

Samaki mpya aliyetoka dukani leo akajibanza pembeni na kukataa chakula, mwache. Zima taa, mpe siku moja.

Kumwamsha aliyezimia

Usimshike mkia ukamvuta mbele na nyuma. Maji hupita mdomoni na kutokea shavuni, njia moja tu, na ukimvuta kinyumenyume unayarudisha yalikotoka. Mshike kwa mkono uliolowa, kichwa kikielekea mahali chujio linapomwaga maji au karibu na jiwe la hewa (kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu ya pampu), mdomo ukiwa wazi kidogo. Mtulize hapo. Ukiona shavu limetikisika hata mara moja, endelea. Dakika kumi zinatosha wengi, wengine huchukua nusu saa. Akianza kuhema mwenyewe, muweke kwenye chombo chenye kina kifupi, jiwe la hewa karibu, taa imezimwa, bila chakula mpaka kesho.

Aliyeruka nje ya tangi ana hesabu yake. Usimtoe vumbi kwa kumsugua, maana ute wa ngozi ndiyo kinga yake. Mchovye mara kadhaa ndani ya bakuli la maji ya tangi, uchafu utaondoka wenyewe. Beta ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo akikutwa ngozi bado ina unyevu, ana nafasi kubwa kuliko tetra. Mapezi yakiwa yamekauka na kukatika kama karatasi, na mwili umekunjika ukabaki hivyo, huyo si wa kurudishwa.

Kabla ya kutafuta dawa, pima maji

Samaki zaidi ya mmoja wakizidiwa siku ileile, acha kufikiria ugonjwa. Ugonjwa huwapata mmoja mmoja, siku baada ya siku. Maji huwapata wote pamoja. Huu ndio mstari ambao tungetaka kila mfugaji aukumbuke, kwa sababu pesa nyingi za dawa za samaki zinateketea kwa kutibu maji mabovu.

Nunua vipimo vya matone au vya vijiti. Amonia iwe 0, nitraiti iwe 0, nitreti chini ya miligramu 40 kwa lita. Amonia hutolewa na samaki, hasa kupitia matamvua, na hutoka pia kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, na bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti isiyo na madhara makubwa. Ukiosha sponji ile kwa maji ya bomba yenye klorini, umewaua bakteria wako. Siku tatu baadaye samaki wanatweta juu ya maji na wewe huelewi kwa nini, maana tangi ni safi linameta. Sponji hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi.

Amonia ina ujanja mmoja: ukali wake hutegemea joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Wenye mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, au samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao huwa juu ya 8, wana nafasi ndogo ya kukosea kuliko mwenye tetra.

Nitraiti ina alama yake: samaki anatweta ilhali hewa ipo tele, na ukifunua shavu matamvua yana rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, si nyekundu. Damu yake imeshindwa kubeba oksijeni. Badilisha nusu ya maji, kisha weka chumvi gramu 1 kwa kila lita. Ndoo ya lita 10 inachukua vijiko viwili vya chai, visawazishwe, visijazwe lundo. Chumvi huzuia nitraiti isiingie kupitia matamvua. Tumia chumvi ya mawe isiyotiwa vitu vingine, uiyeyushe pembeni kwanza.

Klorini hupiga upesi. Ukibadilisha maji na ndani ya saa chache samaki wakapauka na kutweta, ni hiyo. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24, au tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya boza huwa na klorini isiyotabirika, na ya kisima yanaweza kuwa na hewa kidogo sana hata kama ni safi ya kunywa. Yote mawili yatie jiwe la hewa usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Halafu kuna muuaji wa nyumbani ambaye hatajwi vya kutosha: dawa ya mbu ya kupuliza. Nyingi zina pirethroidi, sumu isiyomsumbua sana binadamu lakini kali mno kwa samaki. Pampu ya hewa huivuta kutoka chumbani na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Samaki huanza kuzunguka kama pia, hushtuka, hugonga vioo, kisha hulala. Kabla ya kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa taulo lililoloweshwa, na fungua madirisha nusu saa kabla ya kuwasha tena. Ikiwa imeshatokea, badilisha nusu ya maji mara moja, tena baada ya saa chache, na tia kwenye chujio mkaa maalumu wa akwariamu. Mkaa wa jikoni haufai.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni hewa. Chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kama sentimita 30, mara ishirini au thelathini, kila baada ya robo saa kama samaki ni wengi. Usiwalishe. Chujio la ndoo lililofungwa likikaa saa nyingi bila umeme huoza ndani, kwa hiyo limwage na ulisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha. Ukiliwasha hivihivi, uozo wote unaingia kwa samaki.

Anayeumwa anaonekanaje

Mapezi yamebanwa mwilini kama mwavuli uliofungwa: hiyo ni dalili ya jumla, sawa na binadamu kujikunyata. Anajisugua kwenye mawe: ngozi inawasha, kwa vimelea au kwa amonia. Anatema chakula alichokipenda jana. Kinyesi kirefu cheupe kama uzi. Hizi zinakuambia kuna jambo, bado hazikuambii jambo gani.

Punje nyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa kwenye mapezi na mwili, kila moja chini ya milimita moja, ni ugonjwa wa madoadoa meupe. Kimelea chake hujichimbia ndani ya ngozi, ambako dawa haimfikii. Kikishiba hudondoka chini, hugawanyika, na watoto wake huogelea wakitafuta samaki mwingine. Ni hao wanaoogelea tu wanaokufa kwa dawa. Ndiyo maana mtu hutibu siku tatu, madoa yanaisha, anaacha, na wiki ijayo yanarudi maradufu. Tibu tangi zima, siku 10 hadi 14. Kwa samaki wa joto, pandisha taratibu hadi nyuzi 28 au 30 ili kimelea kimalize mzunguko haraka, ukiongeza hewa kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita husaidia, ila kambale na lochi hawaivumilii vizuri, na baadhi ya mimea inaweza kufa.

Vumbi la dhahabu au kutu linaloonekana tu ukimulika tochi kwa pembeni ni ugonjwa mwingine, unaoua haraka zaidi. Zima taa za tangi, maana kimelea hiki hutumia mwanga, na anza dawa yenye shaba siku hiyohiyo. Watoe konokono na kamba kwanza, shaba huwaua.

Manyoya kama pamba yana watu wawili nyuma yake. Pamba ndefu, laini, juu ya kidonda, kwa kawaida ni kuvu. Pamba fupi iliyobana mdomoni au mgongoni kama tandiko, yenye kuenea kwa saa, mara nyingi ni bakteria, na kupandisha joto kunaichochea. Kwa hiyo usipandishe joto kwa kila ugonjwa.

Mtazame pia kwa juu. Magamba yakiwa yamesimama kama ganda la nanasi na tumbo limejaa maji, figo zimeshindwa. Wachache hupona. Huyu mtenge, mtunzie maji safi, na usijidanganye.

Anayeelea, tumbo limevimba, lakini macho maangavu na bado anataka kula, hasa samaki wa dhahabu wa mwili mnene, ana shida ya kibofu cha hewa, ule mfuko wa ndani unaomsaidia kuelea, na mara nyingi chanzo ni kula kupita kiasi au kumeza hewa pamoja na chakula kikavu. Mfungishe siku mbili au tatu. Kisha mpe punje ya njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, imepondwa. Beta ni mla wadudu, yeye kufunga tu kunamtosha. Chakula kikavu kiloweshe dakika moja kabla ya kumpa.

Hospitali ya samaki haihitaji gharama: ndoo ya plastiki ya lita 20 ambayo haijawahi kuona sabuni, jiwe la hewa, hita kama ni samaki wa joto, kifuniko chenye matundu. Jaza maji ya tangi lake kama yamepimwa ni mazuri, na badilisha robo kila siku kwa maji ya joto lilelile.

Asipokuwa na tumaini

Samaki asiyeweza kula, anayeliwa na wenzake akiwa hai, au aliyevimba magamba siku ya tano, asiachwe ateseke. Kumtupa chooni akiwa hai ni ukatili, na kumgandisha kwenye friza vilevile. Njia ya nyumbani iliyo nzuri ni mafuta halisi ya karafuu, au ya makonyo yanayokamuliwa Pemba, kwa sababu yana eugenol, kemikali inayomlaza samaki usingizi.

Mtie kwenye chombo chenye lita 1 ya maji ya tangi lake. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vuta mililita 0.5 ya mafuta, yatie kwenye chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu, utikise kwa nguvu mpaka yawe meupe kama tui. Mafuta hayachanganyiki yenyewe, na yasipotikiswa yataelea na kumuunguza. Mimina nusu polepole. Baada ya dakika chache atapoteza mizani na kulala ubavu. Mimina iliyobaki. Shavu likisimama, anza kuhesabu upya: mwache nusu saa nzima kwenye maji hayo. Wanaomtoa mapema wameshuhudia akianza kuhema tena.

Ukishathibitisha kifo

Mtoe saa hiyohiyo. Mzoga mmoja kwenye tangi dogo unatosha kupandisha amonia na kuwadhuru waliobaki, na wenzake wakimla huchukua vimelea vyake. Mwenye jeraha mkononi avae glavu: kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu, Mycobacterium marinum, anayeingia kwa mchubuko na kuacha vipele sugu vya ngozi. Usinyonye mpira wa maji kwa mdomo. Mzoga uzike mbali na mfereji au uufunge kwenye mfuko uutupe na taka. Usiutupe mtoni wala usimpe paka, hasa kama samaki alikuwa kwenye dawa. Ukitaka mtaalamu auchunguze, ufunge kwenye plastiki bila maji, uuweke kwenye jokofu na si friza, na umfikishie siku hiyohiyo.

Pima maji, badilisha robo yake, watazame waliobaki kwa wiki mbili kabla ya kununua mwingine. Samaki mmoja mzee kufa peke yake, maji yakiwa mazuri, si lazima kuwe na kosa. Nothobranchius guentheri wa Unguja, anayeishi kwenye madimbwi yanayokauka, hata akitunzwa vizuri hufikisha takriban mwaka mmoja tu.

Na ukihesabu ukakuta mmoja hayupo kabisa, tafuta nyuma ya tangi sakafuni, ndani ya mdomo wa chujio, chini ya mawe. Tetra aliyekufa jioni anaweza kuwa ameliwa akaisha kufikia asubuhi. Usipompata, pima amonia kila siku kwa siku tatu. Ikianza kupanda, mzoga bado umo humo humo, inua mawe yote.